Kipindi Kilichozimwa Kabla ya Mwisho

Kiwandani wanamwita Geuza, na si kwa mapenzi. Kazi yake ni kukagua mashati kabla hayajakunjwa na kutiwa kwenye maboksi. Wakaguzi wengine huliangalia shati mbele, wakaliangalia nyuma, wakavuta kola kidogo, basi. Yeye hapana. Kila shati hulitia mkono na kulipindua ndani nje, kisha hufuata mishono kwa ukucha wa kidole gumba kama mtu anayetafuta mwiba uliovunjikia kisiginoni. Mshonaji akija kulalamika kwamba shati limenyooka na halina kasoro, anajibiwa kwa neno moja: "Geuza." Kwa nje, anasema, kila nguo ni nzuri. Uongo hushonwa ndani.

Mtu wa namna hiyo ukimkaribisha chai, hunusa kikombe kwanza. Ukimpa habari njema, hukuuliza nani mwingine anaijua. Mhasibu mmoja wa ghala, mwanamume mwema asiye na makuu, aliwahi kumposa akakubaliwa, kisha akaachwa kwa kosa la kupiga simu saa ile ile kila jioni. Geuza aliona binadamu wa kawaida hawezi kuwa mwaminifu kiasi hicho bila kuwa na lake jambo. Kwa hiyo anaishi peke yake, ghorofa ya pili, mlango una vitasa viwili na komeo juu yake. Chumba kimoja analala. Cha pili kina cherehani, pasi, na kitanda ambacho tangu kinunuliwe hakijalaliwa na mtu.

Kitanda hicho ndicho kilicholeta maneno.

Mdogo wake wa kiume, fundi wa friji, alimpigia simu akiwa anazungukazunguka na salamu kwanza, za watoto, za hali ya hewa, za goti lake Geuza lililokuwa limepona zamani. Geuza akamwambia, "Sema ulichopigia." Akasema. Nyumba aliyopanga mama mdogo wao ilikuwa imeuzwa, na mwenye nyumba mpya anataka wapangaji wote watoke. Macho ya mama mdogo yameingia ukungu, watu anawatambua kwa sauti. Kwake fundi hakuna nafasi, watoto wanne na mke wamebanana na mafriji ya wateja mpaka ukitafuta pa kuweka sahani unaiweka juu ya friji la mtu.

"Akae kwako wiki hii tu, dada. Jumapili nitakuja tuongee."

Geuza alijua "tuongee" maana yake nini. Jumapili angeulizwa swali moja, mama mdogo anabaki au habaki. Akisema habaki, kuna ndugu mmoja wa mbali aliyejitolea kumpa kochi la sebuleni, na kochi lenyewe hulaliwa kwa zamu na wanawe. Akisema anabaki, basi mpaka Mungu atakapoamua vinginevyo. Alikubali ile wiki huku moyoni amekwisha kata shauri juu ya Jumapili.

Mama mdogo alifika na begi moja la kitambaa. Geuza alipoliona tu lile begi pale mlangoni, moja tu, mwili ulimsisimka.

Maana hata mara ya kwanza alikuja hivyo hivyo.

Geuza alikuwa na miaka minane na mdogo wake minne walipofiwa na mama. Baba yao alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu wa kuonekana siku mbili na kupotea nyingi. Mama mdogo, mdogo wa tumbo moja wa marehemu, alikuja kuzika na begi moja, akasema atakaa mpaka mambo yatulie. Mambo hayakutulia na yeye hakuondoka. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye huruma nyingi na kazi chache, alimwita Geuza uani akamnong'oneza: "Umwangalie huyo. Msichana mzima, hana mume, hana mtoto, amekuja na begi moja. Mwenye begi moja amekuja kuchukua." Mtoto wa miaka minane ukimpa sentensi kama hiyo hawezi kuitua.

Kisha kulikuwa na kile kipindi.

Kila Alhamisi jioni kulikuwa na kipindi cha watoto kwenye runinga, kikiitwa Mlango wa Nyuma. Kila wiki hadithi mpya, watoto wapya, na kitisho kipya. Kengele ya shule iliyojigonga yenyewe. Mvulana aliyeingia kabatini kujificha akakuta kabati halina ukuta wa nyuma. Mwanzoni alitokea mzee mwenye kandili mkononi, watoto walimwita Babu Kandili, akawafungulia mlango mchakavu na kuwaambia wapite taratibu. Mama alipokuwa hai walikitazama wote watatu, mama katikati, mtoto huku na mtoto huku, shuka moja limewafunika mpaka puani. Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote.

Mama mdogo hakuwakataza. Aliwaacha watazame, na yeye akikaa nyuma yao kwenye kigoda akichambua mchele. Ila hadithi ikifika pale hasa ambapo roho iko juu, filimbi ya mwisho ikaanza kulia, mama mdogo huinuka, akabonyeza kile kitufe kikubwa kwa kidole gumba, na runinga ikafa. "Basi. Mkaoge." Alhamisi zote. Walilia, waligaragara, Geuza aliwahi kumng'ata mkono. Tangu aanze kuzima, hakuna mwisho hata mmoja waliouona.

Sasa fikiria mtoto anayekua na hadithi za kutisha zisizo na mwisho. Yule mvulana wa kabatini kwa Geuza hajatoka mpaka leo. Kengele bado inajigonga. Iliyomkaa zaidi ni ile ya shangazi aliyekuja kukaa kwenye nyumba ya watu na begi moja, na binti wa nyumba hiyo akaanza kushuku kwamba shangazi hana kivuli. Binti anawasha tochi, anaielekeza kwa shangazi, filimbi inaanza, na kidole gumba cha mama mdogo kinashuka. Geuza hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu huzima kile asichotaka kionekane. Tangu siku hiyo akawa anamfuata mama mdogo jua likiwa kali, macho chini, akikagua kivuli chake kama kipo chote.

Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo hakulisahau na ambalo hakumsamehe. Siku moja, si nyingi baada ya mazishi, mdogo wake alipotea ndani ya nyumba. Geuza alipofuata kilio alimkuta chumba cha marehemu mama, gizani, juu ya godoro lisilo na shuka, analia mpaka sauti imekauka. Mlangoni alisimama mama mdogo, ufunguo mkononi. Tangu jioni hiyo chumba kilifungwa, na ufunguo ukahamia shingoni kwa mama mdogo kwenye uzi. Geuza alijumlisha mwenyewe: amemfungia mtoto chumbani mwa maiti ili amtie adabu. Baba aliporudi safari alimweleza. Baba alimsikiliza, akavua viatu, akalala.

Ndiyo maana wiki ile, mama mdogo akiwa kitandani pa wageni, Geuza hakuwa na raha. Alichora mstari wa penseli ndani ya kopo la sukari. Alifunga kabati lake la nguo, jambo ambalo hajawahi kulifanya maana hakuwa na wa kumfungia. Akitoka zamu ya jioni, anafungua kitasa cha kwanza, cha pili, anaingia, na mama mdogo yuko pale kwenye kiti, ameelekea mlangoni, mikono mapajani, taa imewaka.

"Hujalala?"

"Usingizi sina, mwanangu."

Kikongwe anayetakiwa kuwa amekwisha lala tangu saa ya chakula. Geuza alipita moja kwa moja kukagua droo, moja baada ya nyingine. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

Jumapili mchana fundi wa friji alikuja na mfuko wa karanga na tabasamu la mtu anayetaka kitu. Akamwamkia mama mdogo, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza hali ya macho, akamtania kwamba amenenepa. Kisha akatoa flashi mfukoni.

"Dada, kuna mtu amekipandisha Mlango wa Nyuma mtandaoni. Chote. Nimewapakulia watoto wangu, wamekicheka mpaka nikaona aibu. Eti Babu Kandili ndevu zake ni za pamba, zinaonekana gundi."

Geuza alimtupia jicho la pembeni mama mdogo. Mama mdogo alikuwa ameacha kutafuna.

"Ya nini vitu vya zamani," mama mdogo alisema. "Weka habari."

Hapo ndipo Geuza alipoichukua ile flashi mwenyewe na kuichomeka nyuma ya runinga. Hakuchagua hadithi kwa bahati. Aliipitia orodha mpaka akaipata ya shangazi mwenye begi moja, akabonyeza, akakaa, na rimoti akaiweka chini ya paja lake.

Mdogo wake alikuwa amesema kweli, ndevu zilikuwa za pamba. Mlango mchakavu ulikuwa wa mbao nyembamba, ukitikisika kila ukiguswa. Binti mshuku alikuwa anasoma maneno yake mahali fulani juu ya kamera. Fundi wa friji alicheka mpaka karanga zikampalia. Geuza hakucheka. Hofu ilikuwa bado ipo pale pale alipoiacha, kwenye shingo, chini kidogo ya masikio. Shangazi akaingia, akatua begi. Siku zikapita. Binti ana rafiki yake wa jirani, mtoto mwenye nywele za mafundo mawili, anayekuja kumnong'oneza dirishani: mwangalie shangazi yako, hana kivuli. Huyo rafiki Geuza alikuwa amemsahau kabisa. Binti anatafuta tochi. Anaipata. Anasubiri jioni.

Filimbi ikaanza.

Mama mdogo aliinuka. Hakuinuka kwa kufikiri, mwili ndio uliomwinua, kikongwe wa macho ya ukungu akavuka sebule kama msichana, akafika kwenye runinga, na mkono wake ukaanza kupapasa chini ya kioo. Kidole gumba kilitangulia. Kilitafuta kulia, kikatafuta kushoto.

"Kitufe kiko wapi?"

"Hizi za siku hizi hazina, mama mdogo," fundi wa friji alisema, bado anacheka.

"Zimeni basi. Zimeni jamani."

Geuza akaikaza rimoti. Damu ilikuwa imemchemka. Miaka yote hiyo, na bado mwanamke huyu ana cha kuficha.

"Leo haizimwi," alisema. "Kaa chini, mama mdogo. Leo tutauona mwisho."

"Mwisho wenyewe hauna maana."

"Tutajua wenyewe kama una maana."

Mama mdogo hakukaa. Alibaki amesimama kando ya runinga, mkono juu ya kioo, na mwanga ukimpiga ubavuni. Binti akawasha tochi. Ukutani, nyuma ya shangazi, kikasimama kivuli, kikubwa, kizima, hata cha kilemba chake kipo. Binti akageuka na tochi yake kwa rafiki wa mafundo mawili aliyekuwa dirishani. Nyuma ya rafiki hapakuwa na kitu, ukuta mtupu. Rafiki akatoa sauti kama ya birika, akayeyuka. Shangazi akammiminia binti maziwa. Basi, yamekwisha.

Geuza alihisi ametapeliwa. Utoto mzima kutembea nyuma ya kivuli cha mtu, kumbe jibu lilikuwa umbali wa kumeza mate mara mbili. Alikuwa anafungua mdomo aseme hivyo ndipo Babu Kandili aliporudi kwenye kioo. Alikuwa anaufunga ule mlango wake, kama alivyokuwa akiufunga enzi za mama, jambo ambalo Geuza alikuwa amelisahau. Aliinua kandili usawa wa uso, akatazama mbele, akaongea kwa upole kama babu wa kweli.

"Haya watoto, mlango wa nyuma nimeufunga. Umeogopa? Usiogope. Mama hajalala. Yuko chumbani kwake, anakungoja. Nenda kwa mama."

Akapuliza kandili, kioo kikawa cheusi.

Karanga ilikuwa kati ya vidole vya fundi wa friji na ikabaki hapo hapo.

Mama hajalala. Geuza aliigeuza sentensi ile ndani nje, na mshono ukaonekana wote. Kwani nyumba ile, siku zile, walisema nini? Watu wazima waliojaa sebuleni hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitamka neno lenyewe mbele ya mtoto wa miaka minne. Walisema amelala. Mama amelala, usipige kelele. Mama amelala, njoo ule. Yeye mwenyewe Geuza, aliyejua, alimwambia hivyo mdogo wake huku akimfunga kamba za viatu. Mtoto ameambiwa na ukoo mzima kwamba mama amelala, kisha Alhamisi, mzee anayemwamini kuliko wote anamtazama machoni na kumwambia hapana, hajalala, yuko chumbani.

"Nilikwenda," fundi wa friji alisema polepole. Uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. "Dada, mimi nilikwenda. Nakumbuka godoro. Lilikuwa linawasha miguu."

"Ulipanda ukakaa," mama mdogo alisema, bado amekishika kioo cheusi. "Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi, sijaanza kuzima bado; niko jikoni, nikamsikia tu yule mzee. Nilikukuta umekaa katikati, gizani, unamwambia, 'Mama, nimekuja.' Ulirudia rudia. Halafu ukaniona mimi ndiye niliyeingia, ukaanza kulia. Ukasema nimemficha."

"Ndipo ukafunga chumba," Geuza alisema.

"Ningefanyaje? Ungekwenda wewe wiki nyingine."

"Si ungetukataza kipindi chenyewe."

"Kipindi mlikuwa mnakitazama na yeye. Nilikuwa nimewakuta na vitu vichache vya kwake, na hicho kilikuwa kimojawapo. Nikasema nikate mwisho tu. Ila yule mzee sikujua atatokea saa ngapi, mara anawahi, mara anachelewa. Kwa hiyo filimbi ikianza, nazima." Akapapasa kiti, akakipata, akakaa. "Sikujua kama hadithi zenyewe zilikuwa zinaishia vizuri. Mimi pia sijaona mwisho hata mmoja. Leo ndio wa kwanza."

Geuza alitaka kukasirika, maana hasira ndiyo njia aliyoizoea.

"Kwa nini hukuniambia? Mdogo sawa. Mimi nilikuwa mkubwa."

"Ulikuwa na miaka minane, mwanangu."

"Nimekuchukia miaka yote hii kwa jambo hilo."

"Najua. Ulining'ata, alama ninayo." Mama mdogo alitabasamu kidogo upande ambao hakuna mtu. "Nikaona heri unichukie mimi, kuliko ukae unamngoja yeye."

Fundi wa friji aliinuka akaenda jikoni kutafuta maji ambayo hakuyanywa, walisikia bomba limefunguliwa kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa amekumbuka kilichomleta. Akakohoa.

"Dada. Lile jambo letu la Jumapili."

"Lete vitu vyake vilivyobaki," Geuza alisema. "Kesho, kabla sijaingia zamu. Nitasogeza cherehani."

"Vipi vilivyobaki?" mama mdogo aliuliza.

"Vyombo vyako. Nguo. Vile vyote."

"Sina vilivyobaki. Ni lile begi."

Geuza alikumbuka jirani wa mlango wa pili, yule wa kunong'ona. Mwenye begi moja amekuja kuchukua. Mama mdogo amelea watoto wawili wa dada yake mpaka wakaota meno ya utu uzima, baba yao akaumwa na kufia mikononi mwake, nyumba ile ikarudi kwa ukoo wa baba, na yeye akatoka kama alivyoingia. Geuza alikwenda chumba cha pili, akalichukua begi kutoka chini ya kitanda, akalifungua. Hakukagua. Alitoa kanga mbili, sweta na kandambili, akazipanga kwenye kabati lake mwenyewe, lile alilokuwa analifunga, na ufunguo akauacha umening'inia.

Usidhani alibadilika akawa mwingine. Kesho yake kiwandani alirudisha mashati mengi kuliko kawaida, na mshonaji mmoja alisikika akiuliza kama Jumapili aliumwa na nyuki. Kopo la sukari bado lina mstari wake wa penseli, ingawa sasa sukari ikishuka chini ya mstari anaiongeza bila kusema kitu.

Siku chache baadaye alitoka zamu ya jioni amechoka, vumbi la uzi limejaa kwenye nyusi. Akapanda ngazi. Akafungua kitasa cha kwanza, akafungua cha pili. Mama mdogo alikuwa kwenye kiti, ameelekea mlangoni, mikono mapajani, na taa imewaka ingawa kwake yeye taa haina kazi kubwa.

"Hujalala?" Geuza aliuliza.

"Usingizi si—" mama mdogo alianza, kisha akaacha. "Sijalala."

Geuza alisimama pale kizingitini na viatu mkononi. Chumba cha mama yao kilikuwa kimefungwa tangu yeye ana miaka minane, na hakuwahi kuingia tena.

"Nimekuja, mama," alisema, akafunga mlango.